Ukiacha Mazoezi: Misuli Huenda Wapi, Kitambi Hutoka Wapi, na Ufanye Nini

Katika jimu za Mombasa, kuanzia vibanda vya vyuma vya kujiundia kule Majengo na Kisauni hadi kumbi zenye mashine na viyoyozi kule Nyali, kuna imani moja isiyokufa: kwamba aliyejenga misuli akiacha vyuma, misuli hiyo hugeuka mafuta. Imani hii ina madhara. Akina mama wengi hawaanzi kabisa kwa kuhofia kwamba siku wakiacha watafura. Na walioacha wanaona haya kurudi, wakidhani mwili umeshaharibika.

Msuli ni nyuzi za protini zilizojaa maji. Mafuta huwekwa katika seli nyingine kabisa, zenye kazi nyingine na mahali pengine. Hakuna njia yoyote ya msuli kugeuka mafuta, wala mafuta kugeuka msuli. Kinachotokea ni mambo mawili yanayokwenda kwa wakati mmoja: msuli hupungua kwa kukosa kazi, na mafuta huongezeka kwa sababu mtu bado anakula kama alivyokuwa akila alipokuwa akikimbia. Sababu ni mbili, kasi ni mbili, na dawa pia ni mbili. Ukilielewa hilo, hutapoteza muda ukitibu kiuno kwa kunyanyua vyuma au kutibu udhaifu wa miguu kwa kujinyima chakula.

Kwanza: jua umeacha kwa namna gani

Kuacha mazoezi si kitu kimoja. Aliyepumzika wiki moja kwa sababu ya harusi hana la kuogopa. Mara nyingi hurudi akiwa na nguvu zaidi, kwa kuwa mwili ulikuwa umechoka. Hamali anayesukuma mkokoteni Marikiti akiacha vyuma, miguu na mgongo wake bado vina kazi kila siku. Wa kujihadhari ni wawili: anayeacha mazoezi na pia akaacha kutembea, na anayelazwa kitandani.

Huyu wa kwanza ndiye wengi wetu. Umepata kazi mpya ya kukaa, umenunua pikipiki au umeshika usukani wa tuktuk, na safari uliyokuwa ukiikata kwa miguu kutoka Mwembe Tayari hadi Posta sasa unapanda. Watafiti wa Copenhagen, nchini Denmark, waliwachukua vijana wenye afya waliokuwa wakipiga hatua takriban 10,000 kwa siku wakawaambia wazipunguze hadi takriban 1,500. Baada ya wiki mbili tu insulini, homoni inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli, ilikuwa haifanyi kazi vizuri kama awali, nyama ya miguu ilikuwa imepungua, na mafuta yaliyo ndani ya tumbo, yale yanayozunguka viungo, yalikuwa yameongezeka kwa takriban asilimia 7. Hawakuwa wanamichezo walioacha mazoezi. Walikuwa watu wa kawaida walioacha kutembea. Ndiyo maana kila anayeniambia ameacha jimu, swali langu la kwanza huwa: je, bado unatembea?

Kitanda ni kibaya zaidi. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Wanaume haohao walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba wiki tatu za kitandani ziliwapunguzia uwezo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kwa mzee hali ni kali zaidi: siku kumi za kulala zinaweza kumwondolea takriban kilo moja ya nyama ya miguu, na nyama hiyo ndiyo inayomwinua kutoka chooni. Ukiwa na bibi au babu mgonjwa nyumbani, na daktari hajamkataza, msaidie akae kwenye kiti, asimame, apige hatua chache hadi barazani mara kadhaa kwa siku. Tumelelewa tukiamini kwamba kumheshimu mgonjwa ni kumlaza na kumletea kila kitu. Nia ni njema, lakini misuli yake inalipa.

Pili: pima kabla hujahukumu

Mizani peke yake itakudanganya. Mtu akipoteza kilo mbili za msuli na kuongeza kilo mbili za mafuta, mizani haitasema kitu, na atajipongeza kwa uzito ule ule huku suruali ikimbana. Pima vitu vinne na uandike tarehe.

Uzito, asubuhi kabla ya chai. Kiuno, kwa utepe wa fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi na hujalivuta tumbo ndani. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya maradhi huanza kupanda mwanamume akivuka sentimita 94 na mwanamke akivuka 80. Huwa kubwa zaidi wakivuka 102 na 88. Nguvu: pushapu ngapi unapiga bila kusimama, na mara ngapi unaweza kuinuka kwenye kiti kwa sekunde 30 bila kushika popote. Pumzi: chagua njia moja isiyobadilika, kwa mfano ukingo wa bahari wa Mama Ngina kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, uitembee kwa kasi na uandike dakika.

Bila namba hizi utaongozwa na kioo, na kioo katika wiki za mwanzo kinatia hofu isiyo na msingi. Sababu yake inafuata.

Tatu: jua nini kinaondoka lini

Pumzi hutangulia. Ndani ya siku chache za kukaa, sehemu ya maji ya damu huanza kupungua, hivyo moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo na kulazimika kupiga haraka zaidi. Wanamichezo waliozoea mazoezi makali walipoacha ghafla, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7 ndani ya wiki mbili hadi tatu, na baada ya wiki kama nane ulikuwa chini kwa takriban asilimia 16, kisha ukatulia hapo. Kwa hiyo ukipanda ngazi za jengo la ghorofa nne Tudor baada ya mwezi mmoja wa kupumzika ukajikuta unahema, hujawa mzee. Hilo ndilo la kwanza kuondoka, na ndilo la kwanza kurudi.

Kinachofuata ni muonekano. Baada ya wiki moja au mbili mikono inaonekana imesinyaa, shati halijai tena kifuani, na hapo wengi hukata tamaa. Sehemu kubwa ya unachokiona si nyama iliyopotea. Msuli unaofanya mazoezi huhifadhi sukari ya akiba iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha, akiba hiyo hupungua na maji yake huondoka nayo. Nyuzi zenyewe bado zipo. Ukirudi mazoezini na ukala wali wako, kifua kinajaa ndani ya siku chache.

Nguvu hukaa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki tatu hadi nne bila vyuma na akanyanyua karibu uzito uleule, kwa sababu nguvu haitokani na ukubwa wa msuli pekee. Ubongo na mishipa ya fahamu imejifunza kuzikusanya nyuzi zifanye kazi kwa pamoja, na somo hilo halisahauliki haraka. Baada ya hapo nyama yenyewe huanza kupungua, polepole. Mambo matatu huharakisha: kiungo kisichosogea kabisa, kwa mfano mguu uliofungwa plasta, ambao huanza kupungua ndani ya siku tano, kula kidogo mno, na umri.

Kuna mabadiliko mengine yasiyoonekana kwenye kioo, nami nayaona mazito kuliko mkono uliosinyaa. Msuli ndio mlaji mkuu wa sukari inayotoka kwenye damu baada ya chakula. Usipofanya kazi kwa siku kadhaa, hamu yake ya sukari hupungua na insulini hulazimika kuongezeka. Presha iliyokuwa imeshuka kwa sababu ya mazoezi nayo hurudi juu ndani ya wiki chache. Mwenye sukari au presha akiacha mazoezi lazima apime mara nyingi zaidi, na amwambie daktari wake kwamba ameacha, maana dozi ya dawa huenda ilipangwa akiwa anatembea.

Nne: shika dozi ndogo, usiache kabisa

Hapa ndipo penye habari njema kuliko zote, na ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba asiyeweza siku sita basi asifanye hata moja. Kujenga ni kazi kubwa. Kutunza kilichojengwa ni kazi ndogo sana.

Miaka ya 1980 huko Chicago, Robert Hickson na wenzake waliwafanyisha watu mazoezi makali siku sita kwa wiki, kisha wakawapunguzia. Waliobakiwa na siku mbili tu walidumisha pumzi yao kwa wiki 15. Waliofupishiwa muda kutoka dakika 40 hadi 13, vivyo hivyo. Lakini waliopunguziwa ukali wa zoezi walishuka. Punguza siku, punguza dakika, usipunguze ukali. Upande wa vyuma, utafiti wa Alabama uliochapishwa 2011 uliwafuata watu kwa wiki 32 baada ya kuwajenga kwanza. Wenye miaka 20 hadi 35 walibaki na misuli yao kwa kufanya theluthi moja ya kazi ya awali, na hata sehemu moja ya tisa. Wenye miaka 60 hadi 75 walibaki na nguvu, lakini ukubwa wa msuli ulipungua. Mzee anahitaji dozi kubwa kuliko kijana, si ndogo, ingawa mitaani tunamwambia apumzike.

Kwa hiyo mwezi ukibana, panga siku mbili kwa wiki, dakika 20 kila siku, mazito na ya haraka. Huhitaji jimu. Mtungi wa maji wa lita 20, ambao kila nyumba ya Mombasa inao kwa sababu ya shida ya maji, una kilo 20 ukijaa. Ukumbatie kifuani, uchuchumae na kuinuka hadi zimebaki mara mbili au tatu tu kabla ya kushindwa. Kisha uuweke chini, uiname mgongo ukiwa umenyooka, uuvute kuelekea tumboni kwa mkono mmoja. Mtungi huo ukiwa mzito sana kwako, tumia wa lita 10. Kisha pushapu: miguu juu ya kitanda kama ni rahisi, mikono juu ya meza kama ni ngumu. Mizunguko mitatu. Mwisho panda ngazi mbio kwa sekunde 30, shuka polepole, rudia mara sita. Kama huna ngazi, ruka kamba.

Siku nyingine zilizobaki, tembea. Shuka matatu vituo viwili kabla ya kwako. Mwenye duka asimame na kuzunguka kila saa.

Ramadhani inahitaji mpango wake, hasa miaka hii inapoangukia Februari na Machi, wakati wa joto la kaskazi. Si mwezi wa kuongeza uzito wala kutafuta rekodi, ila pia si lazima uwe mwezi wa kuacha. Matembezi mepesi ya nusu saa yafanye kabla ya magharibi, ili kiu ikianza wakati wa kufungua uwe umefika. Mazito yafanye baada ya taraweh, ukiwa umekunywa maji na chakula kimeshuka, mara mbili kwa wiki. Wanaofanya hivi huingia Shawwal na nguvu zao. Wanaoacha kabisa huku wakila kaimati, viazi karai na sambusa kila jioni hupata vyote viwili kwa pamoja, msuli kushuka na kiuno kupanda.

Tano: mafuta yanaamuliwa sahanini

Tufanye hesabu. Kukimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mwanamume wa kilo 75 anayekimbia kilomita 6 mara tatu kwa wiki anatumia 75 × 6 × 3, yaani kalori 1,350. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Akiacha mbio na asibadilishe chakula hata kidogo, mwanzoni ataongeza karibu kilo moja kwa kila wiki sita. Ni kasi ndogo isiyoonekana kwa macho, ndiyo maana watu hushtuka baada ya mwaka.

Sasa tazama jinsi kuziba pengo hilo kulivyo kwepesi. Kalori 1,350 kwa wiki ni takriban 190 kwa siku. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja vina kalori 144 za sukari tupu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Punguza sukari ya chai kwa nusu na mimina kijiko kimoja pungufu cha mafuta kwa kila mlaji kwenye sufuria yako, na pengo limezibika bila mtu yeyote nyumbani kunung'unika. Mbaazi za nazi ziache zilivyo. Punguza mahamri kutoka manne hadi mawili.

Usijinyime kupita kiasi. Mtu aliyeacha mazoezi akashika njaa hupoteza uzito haraka, anafurahi, na sehemu isiyo ndogo ya alichopoteza ni msuli, kwa sababu mwili haujaambiwa kwamba bado unauhitaji. Kinachoulinda ni kazi ile ndogo ya hatua ya nne pamoja na protini ya kutosha. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 70 anahitaji 84 hadi 112 kwa siku. Mayai mawili yana 12, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa takriban 15, bilauri ya maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 150 takriban 35. Hiyo ni 70, na chapati, wali na mbaazi huleta zinazobaki. Igawe katika milo yote badala ya kuirundika usiku. Asubuhi zetu za chai na mahamri ndizo zinazokosa protini, kwa hiyo anzia hapo, ongeza yai au bakuli la mbaazi. Samaki wa pwani anatosha. Unga wa protini wa madukani si lazima. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kumwuliza daktari.

Sita: kurudi

Msuli uliowahi kujengwa hurudi haraka kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza. Watafiti wa Oslo, nchini Norway, walionyesha mwaka 2010 kwamba misuli ya panya inapokuzwa huongezewa viini vipya vya seli (sehemu zinazoongoza ujenzi wa protini), na viini hivyo hubaki hata msuli ukisinyaa, kama msingi wa nyumba unaobaki ardhini baada ya kuta kubomolewa. Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi kupima, lakini kila mwalimu wa jimu ameliona: aliyefanya mwaka mzima akaacha miezi mitatu hahitaji mwaka mwingine.

Hatari ya kurudi ni kutaka kubeba siku ya kwanza ulichobeba siku ya mwisho. Nguvu imebaki, pumzi imeshuka, na kano zinazounganisha msuli na mfupa huzoea polepole kuliko msuli wenyewe. Kama umekaa zaidi ya mwezi, wiki ya kwanza tumia nusu ya uzito wako wa zamani, seti mbili tu, yaani mizunguko miwili, kwa kila zoezi. Wiki ya pili robo tatu. Wiki ya tatu ongeza seti. Kufikia wiki ya nne au ya tano wengi wako karibu na walipoachia. Mkimbiaji aanze kwa kukimbia dakika mbili na kutembea mbili. Maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya siku moja na tatu baada ya zoezi; hayo ni ya kawaida. Maumivu ya kiungo yanayochoma mahali pamoja siyo.

Kisha kuna joto letu. Mwili huzoea kufanya kazi kwenye joto kwa wiki moja hadi mbili, na mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache za kukaa chini ya feni. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapahapa, kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa. Joto na unyevu viliwaangusha wengi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa hashindiki, hakumaliza mbio za wanaume, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa Machi ya Mombasa inaweza kumtoa Bekele njiani, nawe uliyekaa miezi miwili uiheshimu. Kimbia alfajiri, jua likiwa bado halijapanda juu ya bahari. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, ndio mzuri kuliko yote wa kuanza upya.

Mwenye presha, sukari, maumivu ya kifua au kizunguzungu, na aliyevuka miaka 40 akiwa amekaa muda mrefu, apimwe kwanza. Na yeyote atakayefanya mazoezi makali anaporudi kisha akaona mkojo wake umekuwa wa rangi ya kahawa, misuli imevimba na inauma kupita kiasi, asingoje kesho wala asitafute dawa ya maumivu dukani. Hiyo ni dalili kwamba nyuzi za msuli zimepasuka na mabaki yake yanaziba figo. Aende hospitali siku hiyohiyo.